Umebadili mapezi ya kuzamia? Badili na teke (uzi maalumu)

#1 Kifundo_Laini (mleta uzi)

Wakuu, salamu.

Swali hili hujirudia humu. Mtu kaacha mapezi yake ya bapa gumu, kachukua yaliyopasuliwa katikati, kaingia majini, kapiga mateke kama alivyozoea, katoka analalamika kwamba "hayasukumi". Mwingine kahamia raba nzito fupi, miguu inazama. Wa tatu kavaa bapa refu la faibaglasi na anakanyaga maji kama anaendesha baiskeli. Mara nyingi pezi halina kosa. Ni teke la zamani kwenye kifaa kipya.

Naanza na yaliyopasuliwa, kwa sababu ndiyo yanayowachanganya watu zaidi.

Bapa zima husukuma maji kama kasia. Uzito unaousikia pajani ni maji yanayokataa kuhama, na ukishazoea, mwili unauchukulia uzito huo kuwa ndio mwendo: mguu mzito, basi naenda. Bapa lililopasuliwa haliendi hivyo. Mpasuo unaligawa mbawa mbili. Kila ubawa una ukingo mgumu kwa nje na unalainika kadiri unavyoukaribia mpasuo. Ukipiga, ile sehemu laini inajikunja, kila ubawa unakaa mshazari, na maji yanateleza juu yake kama kwenye panga la propela. Mguu hausikii mzigo mkubwa. Basi mgeni wa mapezi haya akiukosa ule mzigo aliouzoea, anautafuta: anafungua miguu zaidi, anapiga kwa nguvu zaidi. Bapa linajikunja kupita kiasi, maji yanavuja mpasuoni bila kusukuma chochote, na anayelipa ni mtungi wa hewa.

Teke lake ni fupi na jepesi:

- Ncha za mapezi zipishane kwa sentimita 30 hadi 40, si zaidi. Kwa lugha nyepesi, mapezi yasitoke nje ya kivuli cha mwili wako.
- Anza na mzunguko mmoja kwa sekunde (kulia na kushoto ni mzunguko mmoja), halafu ongeza kasi kidogo kidogo. Ukitaka kwenda haraka, ongeza idadi ya mateke. Usiongeze upana.
- Nguvu itoke nyongani, goti lilegee kidogo tu, kifundo kiwe kama kitambaa. Ukikaza kifundo, ubawa haupati nafasi ya kujipinda.
- Usisite mwishoni mwa teke. Waliotoka kwenye bapa gumu wana tabia ya kupiga, kutulia, kupiga. Mbawa hizi zinataka maji yanayopita muda wote, ukisita zinalala.

Zoezi: bwawani, uso chini, snokeli (mrija wa kupumulia) mdomoni, mikono imenyooka mbele. Ogelea mita 25 mara tatu, kwa teke finyu, la wastani, na pana. Mara zote uchukue muda ule ule, tuseme sekunde 50, na uhesabu pumzi, si mateke. Pumzi chache zaidi ndiyo teke sahihi. Mateke yakiwa mengi usishtuke, haya mapezi ndivyo yalivyo.

Karibuni muongeze, hasa wa raba na wa mabapa marefu.

#2 Mtungi12

Mkuu, umefungua vizuri. Maswali mawili. Teke la chura linawezekana kwa hayo yaliyopasuliwa? Na pale chini penye tope jepesi, hayo mateke ya kupishana si yatatibua kila kitu?

#3 Goti90

Nijibu hilo la chura, maana hapo ndipo mabapa yanapotengana.

Teke la chura lenyewe kwanza, kwa sababu wengi wanaodhani wanalo hawana. Mwili umelala sawasawa, magoti yamekunjwa karibu digrii 90, mapezi yako juu na nyuma yako, yamelala kama meza. Fungua magoti kiasi cha upana wa mabega. Zungusha vifundo ili nyayo zitazame nje na nyuma, kisha zifunge kwa mduara, nyayo zikitafutana kama viganja vinavyopiga kofi taratibu. Mapezi yakishakutana, nyamaza. Teleza sekunde tatu hadi tano. Rudisha magoti polepole huku mapezi yakikata maji kwa ukingo, usiyabebe kwa ubapa.

Makosa ninayoyaona zaidi kwenye video za watu:

Magoti yanashuka chini ya tumbo. Mapezi yakishaelekea chini, msukumo unakwenda chini, tope linapanda na wewe unapanda nalo.

Mguu mmoja unapiga chura, mwingine unapiga mkasi. Dalili yake ni kwamba kila baada ya mateke matatu unajikuta umepinda upande mmoja.

Mtelezo haupo. Mtu anaunganisha teke na teke. Hilo si kosa la umbo tu, faida yote ya chura iko kwenye ule utulivu.

Sasa mabapa. Chura hulipakia bapa mzigo kwa pembeni, na bapa lililopasuliwa hapo ndipo dhaifu: ubawa wa ndani unapinda, maji yanatoroka. Linawezekana, mkuu Mtungi12, ila punguza mduara, na zile sentimita 20 za mwisho kabla mapezi hayajakutana zifunge kwa haraka. Mtelezo utakuwa mfupi kuliko wa bapa zima, kubali hivyo. Teke la kurudi nyuma ndilo gumu kabisa kwa mapezi hayo. Binafsi naona anayeingia mapangoni, ndani ya meli zilizozama, au anayepiga picha karibu na matumbawe hana sababu ya kuyachukua.

Kwenye tope, hata mateke ya kupishana yanafaa ukikunja magoti digrii 90 na kupiga kwa vifundo na goko tu, mapezi yakiwa juu ya usawa wa mwili. Maji yanarushwa nyuma na juu. Utakwenda taratibu, na pale taratibu ndiyo inayotakiwa.

Raba nzito fupi, zile zenye matundu karibu na vidole, ni umbo la miaka ya 1960 na bado liko kazini kwa sababu bapa halipindi ovyo. Aliyetoka kwenye plastiki ndefu akihamia hapo afanye mambo mawili: aache mateke mapana ya nyonga (atachoka kabla ya dakika kumi), na ahamie kwenye vifundo. Raba ngumu hujibu kifundo papo hapo. Ndiyo maana kugeuka papo hapo na kurudi nyuma hufundishwa vizuri zaidi juu yake.

Kugeuka: magoti yamekunjwa, mwili tuli, mguu mmoja unapiga nusu chura na mwingine nusu ya kurudi nyuma. Kurudi nyuma: nyoosha miguu, vidole vimechongoka, mapezi pamoja. Kisha vuta vidole kuelekea goko, tandaza mapezi nje, na kokota visigino kuelekea makalioni, ukiyavuta maji kwa upande wa juu wa pezi na ukingo wake wa nje. Ukinyoosha tena, chongoa vidole na uende polepole, la sivyo unafuta ulichokipata. Mwanzoni utakuwa unazama kichwa au unapanda miguu. Ni kawaida, maana ile pumzi unayoibana kwa bidii inakuinua. Pumua.

#4 Kifundo_Laini

Goti90, nakubali kuhusu kurudi nyuma. Kuhusu "hana sababu" naona umeenda mbali kidogo. Mtu mwenye magoti mabovu au nyonga inayouma anapata nafuu ya kweli kwenye yaliyopasuliwa, kwa kuwa mzigo wa kila teke ni mdogo. Huyo anunue haya na akubali kwamba kugeuka kwake kutakuwa kwa polepole.

#5 Goti90

Kwa magoti mabovu, sawa, nimerudi nyuma (kwa raba).

#6 Bapa_Refu

😂 Haya, zamu ya mabapa marefu. Nazungumzia pezi lenye urefu wa jumla wa karibu sentimita 80 hadi 100, la kuzamia kwa pumzi moja.

Anayetoka kwenye pezi fupi analeta kosa moja kubwa: baiskeli. Goti linakuja mbele kuelekea tumboni, kisha mguu unasukuma chini. Pezi fupi linamsamehe. Pezi refu likipigwa hivyo linakata maji kama kisu wakati wa kurudi, kwa hiyo nusu ya kila mzunguko ni bure, na paja lililojitokeza mbele linaongeza ukinzani.

Na baiskeli mara nyingi ni dalili. Bapa likiwa gumu kuliko misuli, goti hukunja lenyewe ili kukwepa mzigo. Unaweza kumkemea mtu siku nzima "nyoosha mguu", na bado atakunja, kwa sababu bapa limemshinda. Mpe laini zaidi, uone mguu unavyonyooka bila mahubiri. Wengi hununua gumu kwa sifa. Anayeanza achukue laini, hata kama ana mapaja ya mbeba magunia.

Teke lenyewe:

Mguu uanzie nyongani, mbele na nyuma kwa nguvu sawa. Ukienda mbele, goti lilegee kidogo, ukirudi nyuma, mguu karibu unyooke. Nyuma ndiko wengi wanakosahau, kwa sababu misuli ya makalio na ya nyuma ya paja haijazoea kazi hiyo. Visigino vipishane kwa karibu nusu mita. Mdundo upungue: bapa refu linahitaji muda wa kujikunja na kujirudisha, na msukumo mwingi unatoka pale linapojirudisha. Ukiligeuza kabla halijamaliza, unapigana nalo.

Vidole usivichongoe kwa nguvu. Mapezi mengi ya aina hii bapa limeshaelekezwa chini kwa digrii ishirini na kitu kutoka kwenye wayo, kwa makusudi, ili mguu ukilegea bapa likae mstari mmoja na goko. Ukichongoa kwa nguvu juu ya hapo unalipitisha mstari, na vigimbi vinakuja kudai chao.

Mtu akurekodi kwa ubavu. Usitazame mguu, tazama bapa. Upinde wa mbele na upinde wa nyuma vinafanana? Safi. Upinde uko mbele tu, nyuma bapa limenyooka kama rula? Baiskeli hiyo.

Ukizama kichwa chini kutoka juu ya maji, subiri mabapa yazame yote ndipo upige. Teke la kwanza likikuta nusu ya bapa iko hewani, unapata kelele na povu, basi. Kisha mateke ya nguvu yawe mwanzoni, kwa mita 10 za kwanza, ambako suti na mapafu bado vinakuvuta juu. Kwa aliyepima risasi zake (vipande vya uzito vya kumzamisha) asawazike, yaani asizame wala asielee, karibu mita 10, baada ya hapo mateke yanapungua upana na mdundo, hadi anaacha kabisa na kuanguka mwenyewe.

Jambo la usalama: mazoezi ya teke fanya juu ya maji kwa snokeli. Usichanganye kujifunza teke jipya na kubana pumzi, na kubana pumzi peke yako usifanye hata kwenye bwawa la kufika kifuani.

#7 Chumvi_Kavu

Wataalamu, mapezi mapya na kubanwa misuli ya vigimbi. Ni kuzoea tu au kuna kitu kinakosewa? Wengine wanabanwa kwenye upinde wa wayo, si kigimbi.

#8 Mwalimu_Bwawa

Mahali panapobana panakwambia kosa, usipachukulie kama bahati mbaya.

Kigimbi: unachongoa vidole muda wote, au bapa ni gumu na wewe unalipiga kwa kifundo kilichokazwa. Legeza kifundo kwanza. Ikiendelea, bapa si saizi ya nguvu zako.

Upinde wa wayo: kiatu cha pezi ni kikubwa, kwa hiyo vidole vinajikunja kung'ang'ania kisichomoke. Hapa hakuna teke litakalokusaidia. Badili saizi, au vaa buti nene zaidi. Kumbuka kutoka buti ya milimita 3 kwenda ya 5 kunabadilisha kabisa jinsi pezi linavyokaa, na raba zile nzito nyingi zina viatu vipana vilivyokusudiwa buti kubwa za suti kavu (ile isiyoingiza maji).

Nyuma ya paja: umeanza chura au kurudi nyuma kwa fujo. Hii ndiyo ya kuzoea kweli. Dakika 10 kwa siku, si saa nzima.

Mbele ya paja: baiskeli aliyoisema Bapa_Refu.

Ikikubana majini: acha kupiga mateke, mjulishe mwenzako kwa ishara, shika ncha ya pezi, nyoosha goti, vuta ncha kuelekea kwako taratibu kwa sekunde 20 hadi 30. Ukianza tena, anza na teke la aina nyingine. Ukirudia lile lile, inarudi.

Kupima kiatu: kalia kiti, vaa pezi (na buti kama unazitumia), inua mguu, tikisa. Kisigino kisicheze, vidole visikunjwe. Kiatu kizima kisicho na mkanda kijaribu kikiwa na maji, kikavu kinadanganya.

#9 Risasi_Mbili

Naona wote mmeng'ang'ana na miguu. Teke lililobadilika mara nyingi linasababishwa na mlalo uliobadilika, na mlalo umebadilishwa na uzito wa mapezi ndani ya maji. Raba nzito huzama. Plastiki nyingi ziko katikati au zinaelea kidogo. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine bila kugusa risasi, miguu inashuka, mwili unakaa mshazari, na kila teke linakusukuma juu. Mtu anatoa hewa kwenye koti (lile la kujazwa hewa ili kuelea) ili asipande, sasa amekuwa mzito, anapiga mateke ili asizame. Mzunguko huo unamaliza mtungi, na lawama inakwenda kwa mapezi.

Pima. Chukua ndoo kubwa au pipa la maji, na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo. Ning'iniza pezi moja kwa uzi, lizame lote, toa mapovu yaliyonasa kwenye kiatu, soma. Hiyo ndiyo namba unayoihitaji, si uzito wake mezani. Likielea, lifunge na kipande cha risasi cha kilo 1, usome. Kilo 1 ya risasi ndani ya maji husoma takriban 0.91, kwa hiyo 0.91 kutoa ulichosoma ndiyo nguvu ya kuelea ya pezi.

Mfano. Jozi ya zamani kwa pamoja inasoma sifuri. Mpya inasoma kilo 1.2. Chukulia mapezi yako umbali wa karibu mita 1 kutoka katikati ya mwili, basi umeongeza mvuto wa 1.2 mara 1. Kuusawazisha, hamisha kilo 3 za risasi kwa sentimita 40 kuelekea mabegani, kwa maana 3 mara 0.4 ni 1.2. Kutoka mkanda wa kiunoni hadi kwenye vifuko vya mkanda wa mtungi, karibu na mabega, ni kiasi hicho hicho. Na kwa kuwa jumla imeongezeka kilo 1.2, toa karibu kilo 1 kwenye risasi zako zote, kisha hakikisha tena: mita 5, mtungi ukiwa na bar 50 (kipimo cha shinikizo la hewa), koti tupu, usimame bila kupiga teke.

Kabla ya kuhamisha chochote, jaribu kukunja magoti. Digrii 90 zinayaleta mapezi karibu na katikati ya mwili kwa karibu sentimita 40. Wakati mwingine hilo peke yake linatosha.

#10 Mtungi12

Si rahisi zaidi kupandisha mtungi kidogo kwenye mkanda wake? Ndivyo wengi tunavyoshauriwa miguu ikizama.

#11 Risasi_Mbili

Ushauri huo ni nusu kweli, mkuu. Inategemea mtungi.

Wa chuma ni mzito majini, kwa hiyo ukiupandisha sentimita 5 unapeleka uzito kichwani, miguu inainuka. Wa aluminiamu wa kama lita 11 ukijaa ni mzito kidogo tu, na ukiwa karibu kuisha unaelea kwa kilo moja na nusu hadi mbili. Ukiupandisha kitu kinachoelea kuelekea kichwani, kinainua kichwa na miguu inazidi kushuka. Ndiyo maana mtu anasawazika mwanzoni mwa mbizi, na mwishoni anarudi akiwa amesimama kama nguzo. Kwa aluminiamu hamisha risasi, mtungi uache mahali unapopumulia bila kugonga kisogo.

Wa suti kavu ni habari nyingine: hewa hukimbilia kwenye nyayo na miguu inapanda. Hao raba nzito huwa dawa, na wakihamia kwenye plastiki nyepesi ndio wanaopata tabu.

#12 Mtungi12

Hiyo ya aluminiamu imeniingia. Shukrani.

#13 Geji_Hamsini

Watu wanasema "haya yanakula hewa kidogo" bila kupima. Njia isiyohitaji maabara:

Tandika kamba ya mita 30 kwenye kina cha mita 5, mahali pasipo mkondo. Ogelea kwenda na kurudi jumla ya mara 8, kila mara kwa sekunde 75. Ni mita 240 kwa dakika 10, kasi ya mita 0.4 kwa sekunde. Soma geji mwanzo na mwisho. Mtungi wa lita 12 ukishuka bar 30: 30 mara 12 ni lita 360, gawa kwa dakika 10, gawa kwa 1.5 (shinikizo la mita 5), unapata lita 24 kwa dakika. Mapezi mengine yakishusha bar 25, ni lita 20.

Ule muda wa sekunde 75 usiuchezee. Ukinzani wa maji hukua kwa mraba wa kasi, na nguvu unayotoa hukua kwa mchemraba. Kutoka 0.4 hadi 0.5 inaonekana kidogo, lakini kazi inakaribia kuwa mara mbili. Ukijaribu mapezi mapya kwa furaha ya upya ukaogelea kwa sekunde 60, umepima furaha yako.

Pili, mtungi uliotoka juani uache majini dakika 15 kabla ya kusoma. Ukipoa kutoka digrii 35 hadi 25, bar 200 zinashuka zaidi ya bar 6 bila mtu kupumua. Hiyo inatosha kabisa kuyapa mapezi ya kwanza sifa mbaya.

Tatu, rudia kila jozi mara tatu, siku tofauti au kwa kupishana. Geji nyingi za mshale hazionyeshi vizuri tofauti ndogo kuliko bar 5, na hapa tofauti nzima ni bar 5.

#14 Bapa_Refu

Na usipime siku ya kwanza. Siku ya kwanza unapima ugeni. Ogelea nayo kama saa tano au sita kwa jumla, bila kurudia ya zamani katikati, ndipo upime.

#15 Chumvi_Kavu

Asanteni. Swali dogo la mwisho: kuna tofauti ya kuingia na kutoka majini?

#16 Mwalimu_Bwawa

Ipo. Kwa hatua ndefu kutoka kwenye boti, bapa refu hunasa ukingoni: sogea hadi nusu ya kiatu iko nje, inua ncha, ndipo utoe hatua. Ufukweni tembea kinyumenyume, au ubaki nayo mkononi hadi maji ya kiunoni kama hakuna mawimbi. Ukiogelea juu ya maji kwa mgongo, yaliyopasuliwa lazima yabaki yote chini ya maji, yakikata uso yanapoteza mshiko. Ngazini vua kwanza, ila usiachie kamba au ngazi ukiwa umeshavua.

Mikanda ya springi ikija na mapezi mapya, kagua kwamba springi zote mbili zimekaa sawa kwenye vishikio vyake na kitanzi cha kuvutia kimetazama nje. Mkanda wa bizimu ukaze pande zote mbili kwa kiasi kimoja, ukikaza upande mmoja pezi linakaa mshazari na utajiuliza kwa nini unakwenda kulia.

#17 Kifundo_Laini

Niongeze la kuhifadhi, maana linaharibu teke kimya kimya. Yaliyopasuliwa na mabapa marefu usiyasimamishe kwa ncha yakiegemea ukuta, hasa kwenye joto. Bapa linachukua mkunjo wa kudumu, na pezi moja linaanza kukuvuta upande. Yalaze, au yaning'inize kwa kisigino. Ile plastiki inayokuja ndani ya kiatu kizima usiitupe, irudishe humo kila ukimaliza kukausha, ndiyo inayozuia kisigino kisibonyee.